Maji moto juu ya mnazi

Vidaka vilipoanza kupukutika kwetu Unguja, kila mtu alikuwa na sababu yake. Wako waliolaumu ukame, wako walioshuku kijicho, na walio wengi walikitazama kidaka chenye doa jeusi na utomvu ulioganda wakasema matunda yanaoza. Ami yangu alikuwa wa kundi hili la mwisho. Kila asubuhi aliviokota, akavitia kwenye pakacha na kwenda kuvichoma, kwa hoja kwamba uozo ukiachwa chini hupanda juu.

Bwana shamba alipokuja, alikipasua kidaka kimoja mbele yetu. Lile doa la juu lilikuwa dogo, lakini chini yake nyama yote ilikuwa imegeuka kahawia. Akatueleza kuwa hapo palichomwa. Kuna mdudu wa jamii ya kunguni, mwembamba, anayedunga nazi changa na kufyonza, na mate yake ndiyo yanayoua nyama ile. Wachache tu kileleni wanatosha kuangusha vidaka vya kole zima, na vinavyonusurika hukua na makovu, vimepindapinda, mchuuzi akiviona anavitenga.

Jambo lenyewe halikuwa jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza M. J. Way alilichunguza hapahapa Unguja, na mdudu huyo, Pseudotheraptus wayi, akapewa jina lake. Ilionekana kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto, chungu wanaomwinda mdudu huyo, huzaa vizuri, na isiyo nao huangusha. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanza mwaka 1979 kwa msaada wa Wajerumani, ukaja kuishika tena kazi hiyo.

Mkwezi wetu aliposikia kwamba sasa tunawataka maji moto, alicheka mpaka akaketi chini. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuvikata viota vyao kwa panga na kuviunguza kwa mwenge wa makuti. Nani wa kumlaumu? Chungu hawa hung'ata ngozi, kisha hunyunyiza tindikali palepale walipong'ata, na mkwezi wakati huo mikono yote miwili imelikumbatia shina.

Kwa ami, kilichomuudhi kilikuwa kingine. Kwenye mashina ya minazi yake walijaa sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, na hao ndio mahasimu wa maji moto. Shamba likipaliliwa likawa jeupe, sisimizi hukosa pa kuzungukia chini, wakapanda na kuwafukuza wenzao vileleni. Majani yakiachwa, wao hubaki chini na maji moto wakatawala juu. Sasa mwambie hayo mtu ambaye sifa yake mtaani ni kupalilia! Kwa watu wa rika lake shamba lenye majani ni la mvivu, na majirani hawakuona haya kumwambia. Alikubali kuacha nusu ya shamba, ile isiyoonekana kutoka barabarani.

Tulipanda michungwa na mipera katikati ya minazi, maana maji moto hupenda kushona viota kwenye majani ya miti hiyo. Baadaye tukafunga kamba za makumbi kutoka mchungwa hadi mnazi, wapite bila kukanyaga chini. Nilikuwa nikisimama kuwatazama wakivuka kwa mstari, wengine wamebeba wadudu waliokufa. Kwenye ile nusu ya nyuma makole yakaanza kushika. Ami hakutamka neno, ila msimu uliofuata majani ya mbele nayo hayakupaliliwa.

Ugomvi uliobaki ni wa malipo. Mkwezi hujipaka majivu mikononi na miguuni, akapanda akiwa ameshatangaza bei: mnazi wenye maji moto una ujira wake, usio nao una wake. Ami hulipa huku akinung'unika kwamba bei ya nazi haimruhusu. Kwa hili mimi niko upande wa mkwezi.