Mbavu za gita, na kifua cha baba

GRANADA, Hispania. Kutoka Plaza Nueva kwenda kasri la Alhambra unapanda Cuesta de Gomérez, kilima kinachokata pumzi. Mtaa huu una karakana za mafundi wa gita. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na harufu ya mbao na gundi ikanirudisha Keko, Dar es Salaam, nilikokulia kwenye karakana ya baba.

Fundi alikuwa ameinamia uso wa gita, ubao wa unene wa milimita mbili na kidogo. Nyuzi zikikazwa huuvuta kwa uzito wa takriban kilo 40. Kinachouzuia usipinde ni mbavu, yaani vijiti vilivyobandikwa ndani, mnunuzi asipoviona. Wengi Hispania hufuata mpangilio wa Antonio de Torres wa Almería: mbavu saba zilizotawanyika kama vidole. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gita lenye mgongo na ubavu wa karatasi ngumu, kuonyesha kuwa uso ndio wenye sauti.

Fundi alipunguza ncha za mbavu kwa patasi, akagonga ubao kwa kidole, akasikiliza, akachonga tena. Mbavu zikibaki nene, sauti inakwama. Zikipungua mno, uso unavimba.

Kisha ikafika zamu ya msasa. Mwanawe wa miaka kama kumi aliusogelea ubao. Baba akamzuia, akamvalisha barakoa, akaibana puani, ndipo akavaa yake.

Nilinyamaza. Naandika habari za afya. Najua kuwa wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani, hasa ya pua. Lakini baba yangu sikuwahi kumwambia.

Mzazi mwenye karakana, maranda si tatizo kubwa kama vumbi laini la msasa. Watoto wakae mbali wakati huo. Futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia pakavu, na badili nguo kabla ya kubeba mtoto.

Usiku ule nilipiga simu. “Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.” Nikamweleza. Akacheka: “Miaka yote hii?” Kisha akauliza barakoa ni bei gani.

Nilimpelekea boksi zima. Jumamosi nilimkuta ameivaa kidevuni. Nikaipandisha mwenyewe, nikaibana puani.