Usiku tumbo liliponikamata na mimba ya miezi saba

Leo siwaletei habari ya jirani. Ni yangu mwenyewe.

Mwezi wa tatu 2025 mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Nyumbani kwetu Cimpunda, mtaani Kadutu, tulilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, maana dada yangu na watoto wake walikuwa wamekimbia vita kutoka Kalehe. Bomba lilikuwa limekauka, tukachota maji bondeni. Makala yalikuwa machache, tukapikia ugali tu. Maji ya kunywa hatukuyachemsha.

Usiku tumbo likanikamata. Nikahara na kutapika mpaka nikashindwa kuhesabu. Kulipokucha midomo ilikuwa imekauka, mkojo kidogo, wa rangi ya chai. Mama mkwe akaniondolea kikombe kwa huruma: “Mwanangu, usinywe, maji ndiyo yanakuzidishia.” Nikatii, kwa heshima. Saa sita mchana nikatambua kwamba mtoto hachezi kama kawaida.

Hapo niliogopa kweli. Dada akanishika mkono, tukashuka polepole hadi kituo cha afya. Muuguzi akasikiliza moyo wa mtoto: ulikuwa unapiga. Akanipima na malaria, kisha akanieleza kwamba hatari kubwa ni maji yanayotoka mwilini bila kurudishwa. Akanipa SRO, ile seramu ya kunywa. Nilikunywa kidogo kidogo. Nikitapika, nangoja dakika 10, naanza tena. Jioni mtoto akanipiga teke. Nililia.

Mama, kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Kisichokwisha kwa saa 24, kimwage. Usinunue dawa ya kufunga tumbo kabla ya kumuuliza muuguzi. Na ukiona kuhara kama maji ya mchele, damu, homa, kizunguzungu, tumbo kubana au mtoto kupunguza kucheza, usingoje hata saa moja. Nenda.

Mtoto alizaliwa mzima. Mama mkwe hakunilaumu, nami sikumlaumu, alifundishwa hivyo. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuwasha mbabula asubuhi, na sufuria ya kwanza ni ya maji ya kunywa.