Kutoka Makutano hadi Maporomoko ya Nithi

Msafiri atokaye Pwani, akishazipita Nairobi na Thika, hufika Makutano, mahali barabara inapogawanyika. Mkono mmoja unaelekea Sagana, Karatina na Nanyuki. Wa pili unakata mashamba ya mpunga ya Mwea kwenda Embu na Chuka. Njia hizo mbili huuzunguka Mlima Kenya, kila moja kwa upande wake, kisha hukutana tena Meru, ambako nako kuna mtaa uitwao Makutano.

Mlima huu una jamaa zake Pwani. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyekuwa akiishi Rabai, aliuona kwa mbali kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa penye ikweta. Wameru nao husimulia kuwa wahenga wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha baharini, wakikimbia utumwa wa watu waliovaa nguo nyekundu. Wapo wanahistoria wanaokihusisha kisiwa hicho na Manda, karibu na Lamu.

Sisi tulifuata njia ya mashariki katika likizo ya Desemba. Kabla ya Chogoria tulilivuka Daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tukalala Chogoria, nasi twawanasihi wengine wafanye vivyo hivyo: mtu aliyezoea usawa wa bahari hafai kuukwea mlima kwa pupa. Lango la hifadhi liko karibu mita 3,000 juu, na huko kichwa huuma na pumzi hukatika hata kwa kijana mwenye afya.

Asubuhi gari lilipita mashamba ya chai, likaingia msituni, kisha kwenye mianzi iliyosimama pande zote mbili kama kuta. Njia hii hutaka gari lenye nguvu za magurudumu manne. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1949 na ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Vilele vyake vikuu, Batian (mita 5,199), Nelion (5,188) na Lenana (4,985), vina majina yanayotokana na viongozi wa Kimasai. Mgeni wa siku moja hafiki huko. Yeye huenda Ziwa Ellis, Kilima cha Mugi na Maporomoko ya Nithi.

Siku hiyo watu walikuwa wengi kama soko la mkesha wa Idi. Magari yalipangana mstari langoni. Ziwani muziki ulitoka kwenye vipaza sauti vitatu kwa pamoja, na palipokuwa na kimya hapakudumu. Kwenye njia ya maporomoko tulipishana kwa zamu. Mvua ya jana ilikuwa imeacha tope, na kila aliyetaka kuokoa viatu vyake alikanyaga majani ya pembeni. Hivyo njia moja imekuwa tatu, na ile ya nne ilikuwa ikianza mbele ya macho yetu. Mguu wa mtu mmoja ni mwepesi. Miguu elfu ni jembe.

Wengi hudhani maji ya mlima hutoka kwenye barafu. Barafu ni kidogo, na inakwisha: ile iitwayo Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Sehemu kubwa ya maji ni mvua inayohifadhiwa na msitu, ukoka na kuvumwani wa nyika za juu, vinavyoinywa kama sifongo na kuiachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Moto ukipita hapo, kama ulivyopita mwaka 2012, au miguu ikipaparura, mvua hushuka kwa siku moja pamoja na udongo.

Na maji hayo huenda wapi? Mto Nithi hushuka kutoka maporomokoni, ukapita chini ya daraja lile, na mwishowe maji yake huingia Tana. Tana hupita Garissa na Garsen, ukamwaga baharini Kipini. Mkulima wa Kipokomo hulima kwa maji ya mlima ambao pengine hajauona. Mwenzetu wa Pwani anayetupa chupa ziwani kule juu anaitupa katika mto wa nyumbani kwao.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Mursalat, inaitaja milima mirefu pamoja na maji matamu tunayonyweshwa. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, na akaihesabu kazi ya kuondoa udhia njiani kuwa sehemu ya imani. Mafundisho haya yanatosha kuwa adabu za mgeni wa hifadhi.

Atakayekwenda na achague siku ya katikati ya wiki, aondoke alfajiri, kwani mchana ukungu hufunika kila kitu. Abebe nguo nzito na maji katika chupa isiyo ya kutupwa. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020. Apite katikati ya njia, hata kama ni tope, kwa kuwa kiatu huoshwa. Kibla ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Maji ya udhu ni baridi mno, hivyo anayehofia madhara na awaulize wanazuoni hukumu ya tayamamu kabla ya kuondoka. Na takataka zake ashuke nazo hadi Chogoria.

Wabillahi tawfiq.