Kisima, choo na hatua thelathini: tutembee Likasi tukitazama maji

Juma hili tunawaalika tutembee pamoja ndani ya mji wetu wa Likasi. Hatutafuti majengo mazuri. Tunataka kutazama jambo moja tu: maji ya kunywa yanatoka wapi, na uchafu wa choo unakwenda wapi. Mvua iko karibu, na mvua ndiyo inayochanganya vitu hivyo viwili.

Tuanze katikati ya mji. Avenyu ni pana, miti ni mikubwa, na nyumba za zamani zimesimama mbalimbali, kila moja na bustani yake. Mabomba yalipitishwa chini ya udongo tangu mwanzo. Ni Wabelgiji waliopanga hivyo. Mwaka wa 1931 waliuita mji huu Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kwanza wa Union Minière. Tulirudishiwa jina la Likasi mwaka wa 1966.

Siku zile waliamini kwamba umbali ni dawa. Huko Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville, waliacha nafasi tupu ya metre 500 na zaidi kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi. Walisema mbu wa malaria hawezi kuruka mbali hivyo. Maana yake, mtu mweusi alihesabiwa kuwa ndiye ugonjwa wenyewe. Lakini kila asubuhi mtu huyohuyo alivuka ile nafasi kwenda kupika chakula cha wazungu, kufua nguo zao na kubeba watoto wao.

Sasa tushuke Panda na Shituru, komini za kampuni. Kiwanda cha kusafisha mawe ya shaba kilianza Panda mwaka wa 1921, na kile kikubwa cha Shituru mwaka wa 1929. Wafanyakazi wa miaka ya kwanza waliletwa kutoka mbali, wakalazwa wengi katika nyumba ndogo, na wengi walikufa kwa homa ya mapafu na kuhara damu. Kufikia mwaka wa 1928 kampuni ilikuwa imebadili njia: ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi pamoja na mke na watoto. Ndipo zikaja nyumba za matofali, robine za maji, vyoo, maternite na siku za kupima watoto uzito.

Wazee wetu wanaposifu usafi wa kambi, hawasemi uongo. Lakini tukumbuke upande wa pili: usafi huo ulikuwa amri. Mkubwa wa kambi aliweza kufika na kukagua nyumba ya mtu, na mama hakuulizwa maoni yake. Kampuni, iliyokuwa Gécamines tangu miaka ya 1970, ilipoanza kudhoofika, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka wa 1990, mambo mengi yaliporomoka nayo. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kazi katika Katanga. Usafi ulioletwa na kampuni uliondoka na kampuni, kwa sababu watu hawakuwa wamepewa kazi ya kuusimamia wao wenyewe.

Tupite pia kwenye gare. Katika miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi za Kasai zilizofukuzwa makwao zililala hapa na ndani ya mashule, zikingoja treni kwa majuma na miezi. Maji yalikuwa kidogo, vyoo vilikuwa kidogo zaidi, na watoto walikufa kwa magonjwa. Hatuandiki haya ili kuamsha chuki. Tunayaandika kwa sababu watoto wale walikuwa wa wamama kama sisi.

Sasa tuingie Kikula, ile cité ya zamani. Hapa watu walijijengea wenyewe. Parseli iliyokuwa ya jamaa moja leo ina jamaa tatu au nne: baba, mtoto aliyeoa, na wapangaji. Robine ikikauka, watu wanachimba kisima. Choo kikijaa, wanachimba kingine, na nafasi iliyobaki ni ileile karibu na kisima. Tulipotembea na wamama wa chama tuliona jambo ambalo wengi hawalifikirii: pahali pengi kisima kiko mbali na choo cha mwenye parseli, lakini nyuma ya ukuta, hatua nne tu, kiko choo cha jirani. Udongo haujui ukuta. Maji ya chini hayana parseli.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka wa 1854, huko London, kolera iliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa Soho. Wakubwa walisema ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Daktari mmoja, John Snow, alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza wamekufa wangapi, na walikunywa maji ya wapi. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya pompi moja ya Broad Street. Mkono wa pompi ukaondolewa. Baadaye ilionekana kwamba mama mmoja, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa akiharisha, alikuwa amemwaga maji ya kufulia nepi katika shimo mbele ya nyumba, na shimo lile lilikuwa chini ya metre moja kutoka kisima. Mama yule hakuwa mchafu. Alikuwa akifua nepi za mtoto mgonjwa, kama tunavyofanya sisi.

Huko Manchester, tangu mwaka wa 1862, wamama walijiunga katika chama, na baadaye wakalipa wanawake wa mitaa yenyewe watembelee majirani zao, wakiwa na sabuni na mashauri mazuri. Serikali nayo iliweka sheria mwaka wa 1875 juu ya maji na mifereji. Yalihitajika yote mawili: mabomba ya serikali na miguu ya wamama.

Kwetu, kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi mwishoni mwa mwaka wa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wakati wa mvua. Isirudi tukiwa tumelala. Tunaomba kila kikundi kifanye haya:

Kwanza, pimeni. Tembeeni kutoka kisima mpaka choo kilicho karibu, hata kama ni cha jirani. Hatua kubwa thelathini, karibu metre 30, ni kipimo kizuri. Pahali ambapo haiwezekani, maji ya kisima hicho yawe ya kufua na kusafisha nyumba tu, si ya kunywa.

Pili, maji ya nepi na mavi ya mtoto yaende chooni. Wengi husema mavi ya mtoto mchanga hayana neno. Yana neno, tena kubwa.

Tatu, tengenezeni maji ya kunywa. Yakichemka kwa nguvu dakika moja, yanatosha. Kama makala ni ya bei, jazeni maji yasiyo na tope katika chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, muziweke juani masaa 6, na siku mbili kama kuna mawingu. Lakini wamama wanaokaa karibu na viwanda wajue kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi shaba wala kobalti. Mto unaopokea maji ya kiwanda si wa kunywa hata ukichemsha siku nzima.

Nne, mtoto akiharisha, musingoje. Katika litre moja ya maji safi, tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, mumnyweshe kidogo kidogo mukiwa njiani kwenda kituo cha afya.

Siku ya salongo tumezoea kufagia mbele ya nyumba, pale wakubwa wanapopita. Safari hii tufungue mlango wa nyuma. Tumwite jirani, tupime pamoja hatua zetu bila kulaumiana, kisha tupeleke hesabu kwa shefu wa kartie, yenye namba ya visima na vyoo. Ombi la robine linasikiwa vizuri zaidi likiwa na hesabu ndani yake.

Zamani walitumia umbali kututenga sisi na wao. Sisi tuutumie kutenga uchafu na maji ya watoto wetu.