Sarafu yenye pembe saba

Aibu yangu ya kwanza Dubai niliipata ndani ya mashua ya abra, tukivuka hori kutoka Deira kwenda Bur Dubai. Nauli ilikuwa dirhamu 1. Mkononi nilikuwa na sarafu mbili zenye pembe saba na picha ya minara ya mafuta, kila moja ikiwa na kiduara na kinukta. Mimi wa Moshi sikukalia mkeka wa chuo cha Kurani kujifunza tarakimu za Kiarabu. Nikazisoma sifuri, nikatoa noti ya 100. Nahodha akanitolea macho. Mzee aliyekuja kunipokea akazichukua zile sarafu kiganjani mwangu, akalipa.

"Kiduara ni tano, mwanangu. Kinukta ndicho sifuri."

Mzee ni mtu wa Unguja, fundi wa redio. Chumbani kwake ipo Sakhr, kompyuta ya MSX ya miaka ya 1980 iliyouzwa Uarabuni na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait. Aliniitia katriji moja ya mchezo: wajukuu wanakufa mapema mno, anataka niwaongezee maisha.

Nikanakili yaliyomo kwenye laptopu, nikaanza kufumua, yaani kuzigeuza baiti ziwe amri za prosesa. Baiti mbili za mwanzo, kwa heksadesimali, ni 41 na 42. Programu ya kufumua ikaniandikia amri mbili za prosesa ya Z80, LD B,C na LD B,D. Uongo mtupu: hizo ni herufi A na B, alama ambayo MSX huitambulia katriji. Mlango wenyewe wa programu unatajwa na baiti mbili zinazofuata. Nikaingia hapo, nikafuata kila CALL na kila mruko. Kusikofikika nikakuacha kama data.

Njia hiyo nilidhani haina kosa. Saa mbili baadaye, mara baada ya CALL moja, zikaja LD mfululizo zisizo na maana, na katikati HALT, yaani prosesa isimame. Mchezo usimame kwa nini? Nikatafuna kalamu. Mzee, asiyejua Z80, akaomba nimsomee namba tupu: 6C, 69, 76, 65, 73. Nikazigeuza herufi. "lives". Karibu herufi zote za Kilatini huangukia kwenye LD, na v ndogo, 76, ndiyo HALT. CALL ile haikurudi pale ilipotoka. Ilichukua anwani yake ya kurudia, ikachapa maneno yaliyokaa hapo mpaka baiti ya sifuri, ikaruka mbele yake.

Maisha yenyewe yakawa jirani. Baiti 03 zimejaa katriji nzima, na 03 ikisimama peke yake ni amri ya kuiongezea rejista BC moja. Niliyoitaka imetanguliwa na 3E: weka tatu kwenye rejista A. Katika nakala nikaandika 09.

Mjukuu akacheza. Hatua ya pili akafa mara tisa.

"Ongeza tena," akasema Mzee.