Mji Wetu wa Dodoma
Sisi tukaao Dodoma twauona mji ukikua kila siku. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yawe hapa. Lakini wizara zilihamia kwa wingi baada ya mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukaitwa jiji. Barabara pana na majumba marefu twayafurahia, maana mafundi wengi wamepata riziki. Ila maji! Nchi hii ni kame, nasi twategemea sana visima vya Mzakwe. Tena mashamba ya kando ya mji yapimwa viwanja. Mzee aliyezoea kulima uwele karibu na nyumba yake atalima wapi? Twaomba wapimaji wamwulize kabla ya kusimika mawe ya mipaka, wala si baadaye.