Fungate ya Melini Kutoka Singapore

Mpwa wetu mpendwa,

Mjomba wako amesikia kwa mama yako kwamba fungate haitakuwa Nungwi tena. Itakuwa ndani ya meli ya kitalii itokayo Singapore, na tangazo lenye bei tamu limekwisha kuonyeshwa. Amefurahi sana. Ila ujana wake aliumalizia melini, na ameona asikae kimya kabla fedha haijatoka mfukoni.

Singapore imekaa kwenye ncha ya kusini ya Mlango wa Bahari wa Malacca, njia ipitayo meli usiku na mchana. Safari fupi za kitalii zitokazo hapo huwa za usiku 3 hadi 5, na bandari zinazotembelewa zaidi ni Port Klang na Penang nchini Malaysia, pamoja na Phuket nchini Thailand. Mji wenyewe una vituo viwili vya meli za kitalii. Kile cha HarbourFront kinatazamana na kisiwa cha Sentosa, na kile cha Marina Bay, kilichofunguliwa mwaka 2012, ndicho cha meli kubwa. Kwa treni, cha kwanza hushukiwa HarbourFront na cha pili Marina South Pier. Jina la kituo limo kwenye tiketi, na ni vyema kulisoma kabla ya kumwita dereva wa teksi.

Kinachoanza ni karatasi. Mtanzania haombi viza kuingia Singapore, lakini hujaza fomu ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, bila malipo. Meli ikirudi kutoka Phuket, huko ni kuingia upya, na fomu hujazwa tena. Malaysia na Thailand zina masharti yao, na kampuni ya meli humzuia abiria asiyekuwa na viza inayotakiwa katika bandari yoyote ya njiani, hata akiapa kwamba hatatia mguu nchi kavu. Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi mbele yake. Kadi ya homa ya manjano nayo isisahaulike: nchi hizo huidai kwa wasafiri wanaotoka nchi nyingi za Afrika, na huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Anayechomwa wiki ya safari amechelewa.

Kisha msimu. Pepo za huko ni za mfumo uleule unaotuletea sisi kusi na kaskazi. Kusi ikishavuka ikweta hupinda ikavuma kutoka kusini-magharibi, na kati ya Mei na Oktoba huichafua bahari ya Phuket. Port Klang na Penang zimekingwa na kisiwa cha Sumatra, kwa hiyo maji yake hutulia muda mwingi wa mwaka. Pwani ya Patong, huko Phuket, meli kubwa hutia nanga nje na abiria hushushwa kwa mashua. Mawimbi yakizidi, nahodha huiruka bandari hiyo, na kwa kawaida kinachorudishwa ni tozo za bandari tu, nauli haigusiki. Desemba na Januari mvua hunyesha sana Singapore. Februari, Machi na Aprili ndiyo miezi ambayo mjomba wako angeichagua, baada ya kutazama Ramadhani inaangukia wapi. Mwaka Mpya wa Kichina na likizo za shule za Juni na Desemba hupandisha bei na kujaza sitaha watoto.

Sasa bei. Ile ya kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa hesabu ya watu wawili katika chumba kimoja. Juu yake huja kodi na tozo za bandari, intaneti, soda na juisi, migahawa ya kulipia, matembezi ya nchi kavu, na bakshishi ya watumishi. Kampuni kubwa za Kimarekani hukata bakshishi ya dola 18 hivi kwa kila mtu kwa kila usiku. Watu wawili kwa usiku 4 ni kama dola 144 ambazo tangazo halikuzitaja. Wakala aandike jumla yote kwenye karatasi moja, kisha ndipo ilinganishwe na meli nyingine.

Pa kubana matumizi ni chumba. Katika safari fupi abiria hulala tu humo, na chumba cha ndani kisicho na dirisha ni rahisi kuliko chenye roshani. Kwa bibi harusi anayeogopa kulewa bahari, kichukuliwe cha sitaha za chini, katikati ya meli, kwa sababu omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Pasipobanwa ni bima ya safari yenye matibabu na gharama za kumhamisha mgonjwa, maana daktari wa melini hutoza bei kali.

Kwenye sanduku, pasi ya nguo, birika la umeme, mishumaa na ubani vibaki nyumbani. Mama mkwe atasisitiza chetezo na udi wa maharusi. Mwambieni mapema kwamba moto ndani ya chumba ni marufuku na vitu hivyo huzuiwa langoni. Soketi za hoteli za Singapore ni za pini tatu kama zetu, lakini za melini nyingi ni za Kimarekani na za Kiulaya. Mizigo mikubwa huchukuliwa na wapagazi gatini na huenda ikafika mlangoni jioni. Pasipoti, dawa na nguo ya kubadili vikae kwenye mkoba wa mkononi.

Zoezi la usalama lisikwepwe. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inadai lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Watu wa pwani waliozika jamaa zao waliozama na meli ya MV Spice Islander mwaka 2011 hawana haja ya kuhubiriwa juu ya boya.

Bandarini kuna hesabu mbili. Penang, gati la Swettenham liko ukingoni mwa George Town, mji mkongwe ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Msafiri huutembea kwa miguu bila kununua ziara ya meli. Port Klang ni tofauti. Kuala Lumpur iko mbali kwa gari na foleni zake hazitabiriki, na anayeachwa hujigharamia hadi bandari inayofuata. Thailand nayo iko saa moja nyuma ya Singapore, basi saa ifuatwe ya meli, hata simu ikionyesha nyingine.

Mji wenyewe usipitwe. Singapore imetutangulia saa 5, na ndege ikichelewa meli haisubiri, kwa hiyo fikeni siku mbili kabla. Twendeni Kampong Glam kwa mawazo: msikiti wa Sultan, Mtaa wa Arab, na kumbukumbu za koo za Hadhramaut kama Alsagoff na Alkaff, watu wa asili moja na Washihiri wetu wa Tanga na Mombasa. Vibanda vya chakula, ambavyo utamaduni wake uliingizwa na UNESCO katika orodha yake mwaka 2020, ni nafuu kuliko hoteli. Geylang Serai chakula cha halali ni tele, na vibanda vyenye idhini hubandika cheti cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore. Sigara za umeme ni kosa la jinai. Bwana harusi aziache.

Kabla ya kulipa, mtumieni mjomba wako ratiba na jumla ya gharama azipitie. Na leo hii fungueni pasipoti zote mbili, mtazame tarehe za mwisho.

Akupendaye,
Mjomba wako, Tanga